Sura ya Sita: Mjukuu wa Kamaru

Kuna Joseph Kamaru wawili, na ukiingia mtandaoni kumtafuta mmoja utaletewa wote. Wa kwanza alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akafariki Oktoba 2018, na katikati hapo aliimba kwa Kigikuyu nyimbo zilizowaudhi walimu, zikawakera wakubwa wa serikali na kuwaleta polisi hadi dukani kwake. Wa pili ni mjukuu wake, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997. Muziki wa huyu hauna mwimbaji wala gitaa la kuongoza, na mara nyingi hauna hata mdundo. Anajulikana kwa jina la KMRU, na kwa sasa ni mmoja wa Waafrika Mashariki wanaoheshimiwa zaidi duniani katika muziki wa kielektroniki wa majaribio. Tangu mwaka 2023 ana lebo yake mwenyewe, OFNOT.

Sura hii ni ya mjukuu. Najua msomaji wa Tanga atauliza: tumetoka kwa bendi zetu za Jamhuri Jazz, Atomic na Black Star, kijana wa Nairobi anayeishi Berlin anaingiliaje? Majirani zangu hapa Nguvumali wameniuliza hivyo hivyo, tena kwa lugha kali zaidi, baada ya kuwasikilizisha dakika kumi za santuri yake. Mmoja alitaka kujua kama spika imeungua.

Anaingia kwa mlango huu: habari ya muziki wa mji wetu, ukiifuata mpaka mwisho, inakufikisha kwenye swali la nani ameshika mkanda. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz hapa Tanga mwaka 1966. Baadaye wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika nchini Kenya. Walikwenda kule kwa sababu kule ndiko kulikuwa na studio, kiwanda cha kuchapa santuri, na kampuni zenye fedha mkononi. Tanzania haikuwa na kiwanda. Bendi iliyobaki nyumbani ilirekodiwa na Radio Tanzania, ikarushwa hewani nchi nzima, na mkanda ukabaki kwenye kabati la Radio Tanzania. Bendi iliyovuka mpaka ilirekodiwa na kampuni, ikauzwa madukani, na mkanda ukabaki kwa kampuni. Kwa njia zote mbili mwanamuziki alirudi nyumbani na gitaa lake.

Taarabu haikupona. Black Star waliingiza gitaa na besi kwenye taarabu katika miaka ya 1960 na kubadili sikio la pwani nzima. Wenzao wa Lucky Star walitoka ubavuni mwao. Santuri iliyowatambulisha wote wawili Ulaya, Nyota, ilitoka mwaka 1989 kwa kampuni ya GlobeStyle ya London. Ni santuri nzuri sana. Ukitaka kuisikia leo Tanga itabidi uwe na intaneti, au rafiki mwenye dada yake Uingereza.

Kamaru babu aliliona tatizo hili mapema kuliko wengi. Alifika Nairobi mwaka 1957 kutafuta kazi, akafanya kazi za ndani na usafi, akaanza kurekodi katikati ya miaka ya 1960. Jina lilimkaa mwaka 1967 kwa Celina, wimbo aliouimba na dada yake, Catherine Muthoni. Miaka miwili baadaye alitoa Ndari ya Mwarimu, unaowasema walimu wanaowanyemelea wanafunzi wa kike, na chama cha walimu kikatishia mgomo. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru aliimba tena, na safari hii waliokasirika walikuwa na bunduki. Lakini kwa sura hii mimi navutiwa zaidi na duka lake. Alikuwa na duka lake la muziki jijini, City Sounds, na kile alichokiimba usiku alikiuza mwenyewe mchana. Vuguvugu la vyama vingi lilipoanza kupamba moto na wimbo wake wa Mahoya ma Bururi ukapigwa marufuku redioni, duka hilo ndilo lililovamiwa. Ungekuwa na kampuni kubwa inayokuuzia, polisi wangekwenda kwa kampuni. Kamaru walikwenda kwake, kwa kuwa kila mtu alijua bidhaa ni yake.

Mjukuu alikua akilijua jina hilo kabla hajajua uzito wake. Nairobi ya miaka ya 2010 aliyoanzia kazi ilikuwa na madiski joki wengi na kompyuta mpakato nyingi kuliko studio, na mwanzoni alikwenda na wenzake, akitengeneza muziki wa kuchezeka. Kilichomtoa kundini ni kinasa sauti cha mkononi. Alianza kutembea nacho, akirekodi mitaa, mvua, ndege, matatu, watu wakipita, kisha kurudi nyumbani na kuzilaza sauti hizo chini ya sintesaiza. Baada ya muda mdundo ukawa unaingia kati yake na alichorekodi. Akautoa.

Hapa lazima nieleze muziki wenyewe ulivyo, maana kuusifu bila kuueleza ni kumpa msomaji sahani tupu. Chukua Peel, albamu iliyotoka Julai 2020. Wimbo wenye jina hilo unazidi dakika 20. Unaanza na sauti moja iliyosimama, kama ile inayobaki masikioni baada ya jenereta kuzimwa, na kwa dakika nzima unadhani hakuna kinachotokea. Kisha unagundua kwamba sauti ya chini imeshapanda bila wewe kuiona ikipanda, na pale juu kuna kitu kinachokwaruza, huenda ni majani, huenda ni kanda iliyochakaa. Hakuna kiitikio cha kusubiri. Anayesikiliza akisubiri kiitikio ataudhika, na haki anayo. Anayeuacha uendelee huku anafanya kazi nyingine ataona chumba chake kimebadilika. Mimi, nikiambiwa nichague, nitachukua Jar, albamu yake nyingine ya mwaka huo huo, kwa sababu ni fupi zaidi na ina joto. Wakosoaji wa Ulaya walichagua Peel, na hiyo ndiyo iliyomfungulia milango.

Lebo iliyoitoa Peel inastahili aya yake. Mego ilianzishwa Vienna katikati ya miaka ya 1990 na wanamuziki wa kompyuta waliotaka kutoa muziki ambao hakuna kampuni ingeugusa. Ilianguka mwaka 2005. Mmoja wao, Peter Rehberg, naye mwanamuziki, hakukubali santuri zile zipotee. Mwaka uliofuata akaanzisha Editions Mego, kwanza ili zile za zamani zisikose madukani, na baada ya hapo akaongeza mpya. Ilikuwa lebo ya mtu mmoja mwenye sikio na ukaidi. Rehberg alifariki Julai 2021, mwaka mmoja tu baada ya Peel. Kijana aliyekuwa ameipokea bahati yake kutoka kwa mkono mmoja alishuhudia mkono huo ukiondoka.

Kufikia hapo KMRU alikuwa Berlin, mwanafunzi wa shahada ya juu katika masomo ya sauti kwenye chuo kikuu cha sanaa cha jiji hilo. Alihamia mwaka ule ule wa 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani. Adha ya kutokuwa na tamasha la kupiga iliwapata wanamuziki wote, lakini kwake balaa ilikuja na kheri. Watu waliokaa ndani miezi mitatu walikuwa tayari, pengine kwa mara ya kwanza, kusikiliza dakika 20 za sauti isiyoharakisha.

Tufanye hesabu, maana muziki huu hauonekani kuwa na soko mpaka uone fedha inavyotembea. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Baada ya hapo, uendelee dakika tatu au ishirini na mbili, malipo ni ya mara moja. Kwa hiyo anayesikiliza Peel mpaka mwisho anamletea KMRU sawa na anayesikiliza wimbo mfupi wa bongo fleva, ambaye katika muda huo huo angeweza kusikiliza nyimbo saba na kumlipa msanii wake mara saba. Kuanzia mwaka 2024 kampuni hiyo iliongeza sharti jingine: wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Mfumo mzima unamwadhibu anayetengeneza vitu virefu kwa watu wachache.

Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, inakwenda kinyume. Pale msikilizaji ananunua albamu kama anavyonunua kanga, kwa bei aliyoiweka msanii au zaidi akipenda, na tovuti inakata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali. Machi 20, 2020, korona ilipofunga kumbi, Bandcamp ilijinyima sehemu yake kwa siku nzima, ikarudia tena Ijumaa kadhaa miezi iliyofuata. Katika kipindi hicho KMRU alitoa kazi mfululizo, nyingine kupitia lebo ndogo ndogo kama Dagoretti Records iliyotoa Opaquer na Seil iliyotoa Jar, nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Watu mia chache walio tayari kulipa dola saba au nane kila mmoja wanamfaa mwanamuziki wa aina hii kuliko laki wanaopita njia.

Na hapo hapo, kwenye rafu hiyo hiyo ya Bandcamp, aliweka nyimbo za babu yake. Alikusanya rekodi, akazisafisha, akaandika maelezo, akazipandisha. Kwa miaka mingi Kamaru mzee alikuwa akisikika kwenye kaseti zilizodurufiwa na kwenye YouTube kwa akaunti za watu wasiomjua. Sasa aliyetaka kumlipa Kamaru alikuwa na mahali pa kulipia. Naiona hii kuwa ndiyo kazi ya kwanza ya KMRU kama mwenye lebo, miaka kadhaa kabla OFNOT haijapata jina.

Turudi kwenye sauti. Mwaka 2024 lebo ya Touch ya London ilitoa Natur, kipande kimoja kirefu, na hiki nitakieleza kwa kutumia redio. Chukua redio ndogo ya betri, iweke masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, kisha isogeze karibu na chaja ya simu iliyochomekwa ukutani. Italia. Mlio utapanda ukikaribia, utabadilika ukigeuza redio ubavu. Nilifanya hivyo kwenye kibanda cha fundi redio jirani na kwangu, kijana mmoja mpole, na hakushangaa hata kidogo.

"Hiyo chaja ya bei rahisi hiyo, mzee," aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye lehemu yake ya kuunganishia nyaya. "Itoe hapo, inachafua masafa."

Nikamwambia kuna mtu Berlin anatengeneza santuri kwa uchafu huo.

"Basi aje huku, umeme wa kwetu una sauti nyingi zaidi."

Fundi hakujua, lakini alikuwa amegusa kiini cha Natur. Kila chombo cha umeme kinachofanya kazi hutoa uga wa sumakuumeme. Masikio hayausikii, ila koili ya waya ikiuelekea huugeuza kuwa mkondo mdogo, na mkondo ukipitishwa kwenye kipaza sauti unakuwa mlio. KMRU alikuwa amezoea Nairobi, ambako umeme hukatika na ghafla ukasikia wadudu, mbwa, na sauti za majirani zikitoka gizani. Berlin haizimiki. Alichokikosa kule ni ule ukimya wa kukatika umeme, akaanza kuzunguka jiji na maikrofoni za koili, akisikiliza garimoshi, mashine za tiketi, mitambo ya nyuma ya kuta. Natur inazichanganya sauti hizo na zile za asili mpaka ushindwe kusema ipi ni chenene na ipi ni transfoma. Kwa mtu wa Nguvumali, ambaye usiku umeme ukienda husikia mpaka baiskeli inayopita barabara ya pili, hakuna falsafa ya kufafanua hapo. Tunaijua.

Kazi yake nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mwaka 2022 na inaitwa Temporary Stored. Malighafi yake imetoka kwenye hifadhi ya sauti ya jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji. Asili ya jumba hilo ni maonyesho ya mfalme Leopold wa Pili ya mwaka 1897, ambamo Wakongo 267 walipelekwa kuonyeshwa kama bidhaa, na saba wakafia huko. Katika miaka iliyofuata jumba lilikusanya vinyago, ngozi, mifupa, na pia sauti: ngoma, zeze, malimba, nyimbo za kazi na za mazishi. Zilinaswa na watafiti, zikaandikwa namba, zikafungiwa.

Tusijidanganye kwamba hilo ni la Kongo peke yake. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha hifadhi ya sauti Berlin, na katika miaka ya utawala wa Wajerumani wasafiri walipewa mashine za kunasia wabebe. Karl Weule alikwenda nazo kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, Lindi mpaka nyanda za Wamakonde, wakati vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa. Silinda moja ya nta hubeba dakika mbili tatu tu. Ngoma ya usiku kucha ilikatwa ikabaki kipande kinachoenea kwenye kiganja, na jina la mpigaji mara nyingi halikuonekana kuwa la maana. Silinda hizo ziko Berlin hadi leo, katika jiji ambalo KMRU anapanda treni kila siku.

Alipopata nakala za Tervuren hakuzifanyia kile anachofanya kila mwenye kompyuta akipewa ngoma za zamani, yaani kuzipachika mdundo wa kisasa ili vijana wacheze. Alizivuta, akazififisha, akaziacha zitokeze mara moja moja kama mtu anayeongea chumba cha pili. Unasikia sauti ya mwanamke ikianza, halafu mtambo unaifunika. Kuna waliolalamika kwamba amewanyamazisha wahenga mara ya pili. Nimelifikiria lalamiko hilo na silikubali. Kilichonaswa kule hakikuwa wimbo mzima tangu mwanzo. Ilikuwa ni wimbo pamoja na mashine, pamoja na aliyesimama nyuma ya mashine, na kabati miaka yote ile. Ukiusafisha ukabaki wimbo peke yake, utakuwa umewafutia Wabelgiji alama za vidole. KMRU ameziacha alama zionekane.

Mambo hayo yote ndiyo yaliyoizaa OFNOT. Toleo la kwanza la lebo lilikuwa albamu yake Dissolution Grip, mwaka 2023, na namna ilivyotengenezwa inafurahisha. Ukirekodi sauti kwenye kompyuta, programu inakuonyesha picha yake: mstari mnene unaopanda palipo na kishindo na kunywea palipo kimya. Wengi huitazama picha hiyo ili wajue wakate wapi. Yeye aliifanya maandishi ya muziki. Alichukua rekodi zake za mitaani na porini, akafuata mabonde na vilima vya mawimbi yao, na kuvipiga upya kwa sintesaiza, palipopanda akapandisha, paliposinyaa akasinyaza. Kisha rekodi yenyewe akaiweka pembeni. Ndani ya Dissolution Grip hakuna sauti hata moja ya mazingira, ila mazingira ndiyo yaliyoiandika. Baada ya Tervuren nadhani hiyo ilikuwa njia yake ya kujiuliza: je, naweza kuchukua kitu mahali bila kukibeba?

Lebo ya namna hii ni kitu kidogo. Usifikirie jengo wala katibu muhtasi. Ni mtu, akaunti, mchoraji wa majalada, kiwanda cha kuchapa santuri kinachodai malipo kwanza, na maboksi ukumbini. Faida yake ni mbili. Mkanda mama uko kwa aliyeutengeneza, na yeye ndiye anayeamua nani mwingine aingie. Temporary Stored ya pili iliwakaribisha wanamuziki wengine wafanye kazi na hifadhi hizo, akiwemo Mkenya mwenzake Nyokabi Kariũki na Aho Ssan wa Paris, ambaye alikuwa ameshatoa naye albamu ya Limen. Mwanamuziki aliyepewa ufunguo wa kabati aliwafungulia na wengine. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya lebo na jalada lenye jina lako.

Nyumbani Tanzania hatujakosa majaribio. Mburahati, Dar es Salaam, Sisso na vijana wake walikuwa wakitengeneza singeli inayopita midundo 200 kwa dakika, wakikata vipande vya kinanda vya taarabu ya kisasa na kuvikimbiza mpaka vipige kelele. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso na dunia ikageuka kutazama. Duke akawa na Pamoja Records yake. Jay Mitta alitoa albamu aliyoipa jina la Tatizo Pesa, jina ambalo lingeweza kuandikwa juu ya kitabu hiki chote. Wanasingeli na KMRU wanaonekana kama maji na mafuta, mmoja anakimbia na mwingine hataki kuondoka, lakini wote wamefundishwa na kompyuta ya kawaida, na wote walipata sikio la nje kabla ya la nyumbani. Kinachowatofautisha ni kwamba singeli ilikuwa tayari na watu wake, kwenye vigodoro, kabla mzungu yeyote hajaisikia. KMRU hana kigodoro. Akirudi Nairobi anapiga kwa watu wachache waliokaa chini, na albamu zake nyingi zinanunuliwa na watu wasiojua Rongai iko upande gani wa jiji.

Sioni kwamba hilo ni kosa lake, ila ni tatizo, na lebo iliyoko Berlin haitalitatua peke yake. Hata babu mwenyewe, aliyekuwa na duka lake Nairobi, mkusanyiko wake mkubwa wa Heavy Combination, wa nyimbo za kuanzia 1966 hadi 2007, umetolewa na lebo ya London iitwayo Disciples. Mjukuu ndiye aliyeziokoa nyimbo hizo kwanza, na sasa zimesafiri mbali kuliko zilivyowahi kusafiri. Lakini kaka yangu wa Murang'a anayetaka santuri ile atalipa nauli ya posta kubwa kuliko bei ya santuri yenyewe.

Nimejaribu kumwazia KMRU akipiga Tanga. Angekaa nyuma ya meza, taa zimepunguzwa, kichwa chini, dakika 40 bila kusema neno. Watu wa hapa wana heshima, wasingezomea. Ila wangetaabika kwa jambo moja. Hadhira yetu imefundishwa na taarabu kwamba ukiguswa unanyanyuka, unacheza kidogo hadi mbele, na unamtuza mwimbaji noti mkononi au unaibandika kwenye paji la uso. Katika biashara yote ya muziki niliyoieleza kwenye kitabu hiki, na makampuni yake na kabati zake, tuzo ndiyo malipo pekee yaliyomfikia mwimbaji Shakila na wenzake bila kupitia kwa mtu. Sasa mwanamke wa Ngamiani, ameguswa na ile sauti ya chini inayopanda polepole, amenyanyuka na elfu kumi yake na kufika mbele ya meza. Kijana hajainua uso. Mikono yote miwili iko kwenye vitufe. Namjua mama huyo: ataichomeka chini ya kompyuta.